Ubao wa Bunduki ya Hedley

Aprili 12. Mvua: hakuna.

Daftari hili ni la mvua. Tangu niolewe hapa Tarnoo naandika milimita humu, na mashamba yenyewe tumeshamkodisha jirani, lakini kipimo bado kiko kwenye nguzo ya ua na nisipokisoma asubuhi naona kama sijaamka. Mwaka huu nitaandika na mengine. Nikiyasema kwa sauti nitagombana na mume wangu.

Leo Garnet amerudi kwa daktari wa macho. Jicho la kushoto lilishakufa zamani. Sasa la kulia nalo limeanza kuharibika, tena katikati, pale pa kutazamia. Atachomwa sindano kila mwezi, ya jicho lenyewe, na labda itamvusha baridi hii. "Labda," kasema daktari, kijana wa juzijuzi mwenye meno mazuri. Garnet akamuuliza swali moja tu: "Septemba nitakuwa naona shabaha?"

Si sura ya mkewe. Shabaha!

Aprili 14. Hakuna. Vumbi tupu.

Nimeambiwa jambo ambalo sijaambiwa kwa miaka hamsini na mitatu ya ndoa.

Garnet katoa kwenye sanduku la chuma ile bunduki ya kupigia mbweha. Mimi naijua hivyo, bunduki ya mbweha, fupi, mtutu umetoka nje uchi. Kumbe ni bunduki ya baba yake, Hedley. Ya kijeshi, iliyotengenezwa kwa shabaha, mtutu mnene kuliko za kawaida, na Hedley alipigia mashindano kwa miaka mingi. Mwaka 1968 jeshi likabadilisha risasi, klabu zote zikanunua bunduki mpya, na vijana wa huku wakaanza kuzikata mbao zile za zamani ziwe nyepesi za kuwindia kangaruu. Kila kijana alikata. Garnet alikuwa na miaka ishirini. Akaingia bandani, akachukua msumeno wa baba yake, akakata ubao wa mbele nusu nzima bila kumuuliza mtu. Kipande kikaingia jikoni kuwashia moto.

"Baba akaingia," kasema. "Akaiangalia. Akachukua ndoo ya mtama, akaenda kulisha kuku."

"Halafu?"

"Halafu basi. Miaka kumi na mitano mpaka anakufa, hakusema neno. Hakunigombeza, Una mke wangu. Angenigombeza ningepona."

Jumamosi ya mwisho ya Septemba klabu yetu ya shabaha inafunga msimu kwa mechi ya bunduki za zamani. Sharti bunduki iwe na mbao zake zote za kijeshi, mpaka mdomoni. Garnet anataka kulala kifudifudi pale na kupiga kwa bunduki ya baba yake ikiwa nzima, kabla jicho halijafunga. Mara moja tu, kasema.

Nikamwambia haya mzee, tutautafuta huo ubao. Nikaenda kukata vitunguu ili niwe na sababu ya machozi.

Aprili 27. Milimita 3.

Nimepiga simu kumi na moja. Watu wana vitako, wana mikanda, wana visu vya bunduki. Ubao wa mbele hakuna.

Mei 5. Milimita 14.

Mvua ya kupandia! Trekta za jirani zinanguruma tangu alfajiri. Kwa posta imekuja kofia ya chuma ya mdomoni mwa mtutu, kutoka kwa mjane mmoja wa Tasmania, na pete mbili na skrubu zake kwenye kopo la peremende. Garnet kaziweka mezani akazipanga kwa mstari, zikiacha nafasi ya mbao ambayo hatuna. Tumekula pasti, yale maandazi ya nyama, tukiuzunguka huo mstari.

Mei 9. Milimita 6.

Kila ninayempigia ananiambia neno moja: "Umejaribu kwa Klemm?"

Ivor Klemm wa Kalbara. Baba yake Bruno alikuwa fundi wa mbao za bunduki, na Ivor karithi mabanda mawili yaliyojaa. Namjua. Mimi ni mwandika alama wa klabu yetu kwa miaka arobaini, na Klemm anakuja kila mwaka, anatuchapa, anaondoka bila kunywa chai. Mechi ya bunduki za zamani hupigwa na watu wawili wawili, mmoja analala na bunduki, mwenzake anakaa nyuma anamsomea upepo. Klemm hajawahi kuingia. Haamini jicho la mtu mwingine. Na kukosea? Ivor Klemm hajakosea tangu azaliwe. Risasi ikienda pembeni, kosa ni la risasi.

Garnet na yeye hawasemeshani tangu 1979. Klemm alimwekea pingamizi kwamba risasi yake ya mwisho ilitoka muda umekwisha. Labda ilikuwa kweli. Basi.

Nimempigia kwa siri, Garnet yuko nje anaogesha mbwa.

"Siuzi mbao kwa simu," kasema.

"Bwana Klemm, nataka kujua tu kama unao ubao wa mtutu mnene."

"Mwenye bunduki aje nayo mkononi. Namba naisoma mwenyewe."

"Mwenye bunduki anaumwa macho."

"Basi aletwe."

Akakata. Jiwe lile! Nimebaki na simu sikioni kama mjinga.

Mei 10. Milimita 1.

Nimemwambia Garnet. Kakasirika hata chai hakumaliza. "Nimpelekee Klemm bunduki niliyoikata kama mguu wa kondoo? Aishike, aigeuzegeuze, aniangalie? Afadhali nipofuke leo."

Nimemwambia asitamke neno hilo nyumbani mwangu.

Mei 31. Milimita 9.

Sindano ya pili. Namshika mkono, yeye ananiambia nisibane.

Juni 15. Milimita 4.

Nimeupata! Kwenye maonyesho ya wakusanyaji huko Adelaide, chini ya meza, umefungwa kwa gazeti. Ubao wa mbele mzima, wa mbao yenyewe, ile ambayo ukiisugua inatoa harufu ya sukari iliyoungua. Nimeupakata kwenye basi njia nzima. Garnet kaunusa muda mrefu kabla ya kuugusa.

Juni 16. Milimita 11.

Hauingii. Ni wa mtutu wa kawaida, na wetu ni mnene. Nilinunua kwa furaha bila kupima, mimi ninayempimia mtu hata unga wa keki. Garnet kasema si neno, atauchonga mfereji upanuke, kazi ya subira tu. Nikasema mzee, kwa jicho hilo? Kanijibu anachonga kwa vidole.

Juni 24. Milimita 7.

Anachonga.

Juni 30. Milimita 2.

Anachonga. Sakafu ya jikoni imejaa mavumbi mekundu, na nyumba nzima inanukia peremende. Sijamwona na furaha hivi tangu tuuze kondoo.

Julai 9. Milimita 22. Baridi kali.

Ametoboa.

Nilikuwa nakunja nguo, nikasikia kimya. Sauti ya patasi niliizoea kiasi kwamba kimya ndicho kilinishtua. Nikaenda jikoni. Garnet kakaa, ubao magotini, na ukuta wa kushoto wa ubao una tundu refu kama kidole. Alikuwa haoni kama umeshakuwa mwembamba. Alipitisha kidole gumba kwenye tundu, anakitoa, anakirudisha.

"Nimeuharibu tena," kasema.

Hiyo "tena" ndiyo iliyonivunja. Mzee wa miaka sabini na sita akalia kwa sauti jikoni kwangu, nami nikapiga magoti kwenye mavumbi yale nikamkumbatia miguu. Kasema alipokuwa kijana kila asubuhi alikuwa akingoja kwenye meza ya chai baba yake aseme. Leo atasema. Leo atasema. Akawa anamchukia kwa kutosema. Baada ya mazishi ndipo akagundua kwamba yeye naye hakusema, hata pole.

"Neno moja, Una. Pole, baba. Lingenipunguzia nini?"

Nikamwambia, sasa nisikilize wewe. Aibu yako umeibeba miaka hamsini na sita na imekufikisha kwenye tundu hili. Kuna mtu mmoja mwenye ubao, na hutaki kwenda kwa sababu atakuangalia. Acha akuangalie! Mimi nakuangalia kila siku na hujafa.

Akacheka huku makamasi yanamtoka. Nikampa shuka.

Julai 10. Milimita 5.

Hajasema ndiyo. Hajasema hapana.

Julai 26. Milimita 8.

Sindano ya nne. Daktari mwenye meno anasema jicho halisikii dawa kama alivyotegemea. Ndani ya gari, karibu na maghala marefu ya shayiri, Garnet kasema bila kugeuka: "Jumamosi ijayo unipeleke kwa Klemm."

Agosti 3. Milimita 13 mpaka asubuhi, halafu jua.

Naandika yote nisije nikasahau hata kidogo.

Tumefika Kalbara saa nne. Klemm alikuwa mlangoni mwa banda, mrefu, sweta limetoboka viwiko. Hakutusalimu. Garnet akafungua kisanduku juu ya benchi, nami nikataka nimtukane Klemm kabla hata hajafanya kitu.

Klemm akaishika bunduki. Akaangalia pale ilipokatwa. Nilikuwa nimejiandaa na jibu.

"Msumeno wa meno makubwa," kasema.

"Wa baba," kasema Garnet. "Niliikata mimi, nikiwa na miaka ishirini. Sikumuuliza mtu. Sasa naomba ubao, Ivor. Naomba, kama unao."

Kusikia Garnet akimwita kwa jina, baada ya miaka arobaini na mitano! Klemm aliivuta bunduki kwenye mwanga wa dirisha, akavaa miwani, akasoma namba iliyogongwa kwenye chuma. Akaisoma tena kwa sauti ya chini. Kisha akaiweka benchi taratibu sana, akatoka, akaenda banda la nyuma.

Tukangoja. Dakika tano, kumi. Garnet akaninong'oneza, "Amekwenda kuita polisi?" Nikamkanyaga. Ndani ya banda lile mbao zimelala kwenye rafu mpaka darini, kila moja ina kikaratasi kimefungwa kwa uzi.

Alirudi na kitu kirefu kimeviringishwa kwenye gunia la shayiri, gunia la zamani lile la nyuzi za juti. Nywele zimejaa utando wa buibui. Alikiweka mbele ya Garnet, sio mbele yangu.

"Kuna rafu ya chini kabisa," kasema. "Baba aliniambia zile si za kuuza, ni za watu. Wengi walishachukua. Nyingine sijui za nani, ni namba tu. Ndiyo maana naisoma namba mwenyewe."

Kulikuwa na kikaratasi. Garnet alikisogeza usoni, akakipeleka pembeni ambako jicho bado linaona, akashindwa. Akanipa. Mwandiko ni wa Bruno Klemm, kwa penseli, umefifia lakini unasomeka. Namba ya bunduki. Mwezi wa Novemba 1968. Halafu:

*Wa Hedley Trezise. Anasema mwanawe ataujia. Apewe yeye mwenyewe, akiuliza. Asikumbushwe.*

Nilisoma mara mbili maana mara ya kwanza Garnet alisema, "Rudia."

Hakulia. Nilidhani atalia. Alifungua gunia, na ubao ukawa pale, mzima, mfereji mpana kwa mtutu mnene, haujawahi kuguswa. Harufu ile ikatoka kana kwamba umechongwa jana. Akaulaza mkono wake wote juu.

"Nilidhani amekasirika," kasema. "Maisha yangu yote. Kumbe alikuwa anangoja niombe."

Klemm alikuwa anaangalia nje dirishani. "Wewe umekuwa kilomita arobaini kutoka hapa," kasema, "miaka yote hii." Hakusema kwa ubaya. Nadhani alikuwa anahesabu, maana na yeye alikuwa amenyamaza tangu 1979.

"Chai?" nikasema nikitoa chupa yetu kwenye kikapu, maana lazima mtu aseme kitu. Na Ivor Klemm akanywa chai. Vikombe viwili.

Agosti 7. Milimita 6.

Ubao bado unataka kukwanguliwa kidogo ukae sawa na chuma, na Klemm hataki Garnet auchonge. "Ulishatoboa mmoja." Garnet kasema ubao ni wake. Wamekubaliana wafanye wote wawili, kule bandani. Mimi ndiye dereva.

Agosti 13. Milimita 10.

Namna wanavyofanya: Klemm anapaka chuma masizi ya taa, anakilaza kwenye ubao, anakitoa. Pale masizi yalipobaki, ubao unagusa. Yeye anaona, Garnet anapapasa na kukwangua. Masizi, kwangua, masizi, kwangua, siku nzima kwa unene wa nywele.

"Hapo, kulia."

"Nimesikia. Usinipigie kelele."

"Sikupigii kelele, ndiyo sauti yangu."

"Basi una bahati mbaya."

Nimekaa na ufumaji wangu nawasikiliza. Nilimwita mtu huyu jiwe. Leo nimemshonea viwiko vya sweta.

Agosti 21. Milimita 3.

Ivor (sasa namwita Ivor) kaniambia Garnet akiwa msalani kwamba siku ile ya 1979 hakuwa na hakika na saa yake. "Nilikuwa na hakika nilipoweka pingamizi," kasema. "Nilipofika nyumbani sikuwa na hakika." Nikamwambia amwambie mwenyewe. Kasema ataona.

Agosti 30. Milimita 15.

Imekamilika. Pete, kofia ya mdomoni, skrubu za yule mjane wa Tasmania, kila kitu. Wameipaka mafuta ya kitani kwa viganja. Sijui chochote kuhusu uzuri wa bunduki, lakini hii sasa imekaa inavyotakiwa kukaa.

Septemba 7. Milimita 2.

Garnet kajaribu uwanjani, yadi mia tano. Duara jeusi la shabaha halioni. Anaona fremu nyeupe inayolizunguka, akiitazama kwa pembeni ya jicho, analenga katikati ya weupe. Risasi kumi, zote kwenye ubao wa shabaha. Amerudi anapiga mluzi.

Septemba 14. Hakuna. Shayiri imetoa masuke.

Septemba 25. Milimita 1.

Damu imevuja ndani ya jicho. Leo asubuhi, akiwa anafunga viatu. Hospitali, sindano, plasta. Hiyo fremu nyeupe haioni tena, na daktari hakusema labda.

Garnet kasema njiani, "Siku tatu, Una. Limeshindwa kuningojea siku tatu." Nilisimamisha gari kando ya barabara tukakaa tumeshikana mikono mpaka lori likatupigia honi.

Septemba 26. Hakuna.

Ivor kaja bila kuitwa. Amesimama mlangoni na kofia mkononi.

"Ile mechi ni ya watu wawili," kasema.

"Naijua mechi," kasema Garnet.

"Mimi nitalala na bunduki ya Hedley. Wewe unisomee upepo."

"Upepo nitausomaje, nawe unajua sioni?"

"Wewe una mashavu. Masikio unayo. Umelala kwenye uwanja ule miaka sitini. Sema tu, mimi nitakizungusha kilengeo."

Garnet akauliza: "Utafanya nitakachosema? Wewe?"

"Nimesema hivyo."

Septemba 28. Hakuna. Upepo wa kusini-magharibi, unacheza.

Nimeandika alama zao mimi mwenyewe, kitini nyuma yao, darubini mbele yangu. Ivor kalala. Garnet kakaa kwenye kigoda begani kwake, uso kaugeuzia upepo, kofia kaivua ili asikie vizuri. Wanachama wamejipanga nyuma, hakuna anayetania, maana Klemm kupokea amri kwa mtu, tena kwa Trezise, hilo ni jambo la kuhadithia wajukuu.

"Kushoto moja," kasema Garnet. Tano, katikati kabisa. "Acha hapo." Tano. "Subiri... subiri... sasa." Tano. Nilikuwa natangaza kwa sauti kama inavyotakiwa, na kila nikitangaza naona sikio la Garnet linakuwa jekundu kwa furaha. Kwenye risasi ya sita ilikuwa nne, basi. Risasi tisa, alama arobaini na nne, imebaki moja. Wapinzani wetu, binamu wawili wa pwani, walishamaliza na arobaini na nane. Tano moja, na kombe ni letu.

Garnet akainua uso. Hapa kwetu upepo ulikuwa uleule, hata mimi niliusikia shavuni. "Kushoto moja na nusu," kasema.

Lakini kule mbele, karibu na shabaha, bendera mbili zilikuwa zimegeuka. Zilikuwa zinapepea upande mwingine kabisa. Huko mbali shavu halifiki. Niliziona. Na Ivor aliziona: aliinua jicho kutoka kwenye tundu la kulengea, akazitazama, akashika kirungu cha kurekebishia, na mkono ukasimama. Mimi mwandika alama siruhusiwi kusema kitu. Niliuma kalamu.

Ivor akazungusha kushoto moja na nusu. Akapiga.

"Trezise na Klemm," nikatangaza, "tatu."

Garnet kageuka. "Tatu? Upepo nimeukosea?"

"Hapana," kasema Ivor, bado kalala. "Upepo ulikuwa sawa. Kosa ni langu. Nimevuta kifyatulio kwa pupa."

Garnet alicheka mpaka akashika kigoda. "Mmesikia?" kawaambia watu wote. "Klemm kakosea! Rudia, Ivor, wengine hawakusikia!" Na Ivor akarudia, kwa sauti, mbele ya klabu nzima. Kwenye chai Garnet kayasimulia mara sita, mkono mmoja kikombeni, mwingine umeilalia bunduki ya baba yake kutoka kwenye pete mpaka mdomoni, na kila mara Ivor kaitikia kwa kichwa.

Ivor aliponiaga kwenye gari aliniangalia, nami nikamwangalia. Nilimfunga kifungo cha sweta.

Garnet kaenda kulala bado anacheka. Simwambii kamwe. Ukweli nimeuandika hapa tu, kwenye daftari la mvua, kwa mwandiko wangu wa kawaida, wala sikulificha. Limelala wazi mezani kwa chai, pale alipozoea kukaa akilisoma, jicho lilipokuwa bado linaona.